Salveji au mtumba safi: lipi linakufaa ukiwa Nakuru, Kisumu au Kakamega?

Toyota Fielder mbili zilizoundwa mwaka uleule. Moja iko kwenye yadi ya magari Nakuru, imeoshwa inang'aa, na bei yake ni shilingi 1,400,000. Ya pili iko Nairobi kwenye uwanja wa mabaki ya bima. Boneti imejikunja, rejeta imebanwa kwenye injini, earbegi mbili zinaning'inia ndani, na atakayetaja 500,000 ana nafasi nzuri ya kuondoka nayo. Mtu wa Nakuru, Kisumu au Kakamega aliyeweka akiba kwenye sacco mpaka akafikisha laki nane au tisa hawezi kuacha kuiwaza hiyo ya pili. Bei hizi ni za mfano, na nitazitumia mpaka mwisho ili hesabu ifuatike.

Jibu langu naliweka mapema ili usome yanayofuata ukijua nasimama wapi. Gari lililofutwa na bima, yaani salveji, linamlipa mnunuzi wa aina moja: anayeliona likiwa bado limevunjika, uharibifu wa gari ukiwa wa vitu vya kufungua na kufunga kwa spana, anayelipa taslimu, na anayenuia kukaa nalo mpaka lizeeke. Asiye na hayo manne, mtumba safi, yaani gari lililotumika lakini halikufutwa, ndio nafuu kwake, hata ikibidi achukue injini ndogo zaidi au gari kuukuu zaidi kwa miaka mitatu.

Bima inapofuta gari, imehesabu nini

Gari likipata ajali, kampuni ya bima hutuma asesa. Asesa hajiulizi kama gari linaweza kutengenezwa, maana karibu kila gari linaweza. Anahesabu gharama: spea, kazi ya bodi na rangi katika gereji inayokubaliwa na kampuni, na kodi juu yake. Gharama ikifika kiwango cha mkataba, mara nyingi karibu nusu ya thamani ya gari, kampuni huona heri imlipe mteja, ichukue mabaki na kuyauza kwa mnada au zabuni. Mabaki hayo ndiyo salveji.

Wanunuzi wengi hawafikirii maana ya hesabu hiyo. Gari la bei ndogo hufutwa kwa urahisi. Vitz ya 450,000 ikivunjika bampa, taa mbili, boneti, rejeta na earbegi, asesa ameshavuka nusu ya thamani ingawa chasisi haijaguswa. Prado ya milioni nne haifutwi kwa vitu hivyo. Ili ifutwe, lazima iwe imebingirika, imezama, au imegongwa mpaka nguzo za milango zimepinda. Kwa hiyo lile gari la kifahari linalouzwa robo ya bei, ambalo kila mtu anaona ni dili, kwa kawaida ndilo lililoumia vibaya zaidi. Salveji yenye matumaini hupatikana kwenye magari ya kawaida yaliyokwisha kula miaka yake.

Uingereza wana utaratibu unaomsaidia mnunuzi. Tangu Oktoba 2017 gari lililofutwa huwekwa kwenye daraja moja kati ya manne. A ni la kusagwa lote. B ni la kutoa spea tu, na bodi yake haitarudi barabarani. S limeumia kiunzi lakini linatengenezeka, na N halijaumia kiunzi. Logbuku yetu, hati ya umiliki wa gari, haina daraja kama hizo. Fielder iliyobingirika Gilgil na Fielder iliyovunjwa taa mjini Kisumu zikishatengenezwa hushika karatasi zinazofanana. Basi kazi ya kulipanga gari daraja inabaki mikononi mwa mnunuzi, na swali la kwanza mbele ya salveji linapaswa kuwa: hili lingekuwa B, S au N?

Uharibifu haulingani

Aina nzuri kuliko zote ni gari lililoibwa, bima ikalipa, kisha likapatikana. Mara nyingi limevuliwa redio, viti, magurudumu, wakati mwingine injini nzima, lakini kiunzi chake hakijaguswa. Shida yake ni ya karatasi na namba. Namba ya chasisi iliyochongwa kwenye bodi isomeke bila alama ya tupa wala welding, na ilingane na logbuku. Ikiwa na mashaka yoyote, ondoka, maana gari hilo linaweza kuchukuliwa na polisi hata baada ya wewe kulipa kila senti.

Aina ya pili ni mgongano wa mwendo mdogo: bampa, taa, fenda, boneti, rejeta, kondensa ya AC. Hivi vyote hufungwa kwa bolti. Fundi mzuri wa bodi akipata nozikati ya Japani, yaani sehemu ya mbele iliyokatwa ikiwa na taa, rejeta na bampa yake, gari hurudi karibu na lilivyokuwa. Hii ndiyo N yetu, na kama kuna salveji ya kununua, ni hii.

Kisha kuna kiunzi, na hapa nitakaa kidogo.

Fielder, Axio, Premio, Demio, Note na Forester hazina chasisi iliyo peke yake kama ya Hilux au lori. Bodi ndiyo chasisi. Zile reli mbili za mbele zinazobeba injini zimetengenezwa zijikunje wakati wa ajali ili zile nguvu za pigo zisifike kwa waliokaa ndani, na kazi hiyo huifanya mara moja tu. Reli iliyojikunja ikavutwa kwa mnyororo na kupashwa moto mpaka ikanyooka inaonekana sawa kwa macho, lakini chuma chake si kile tena. Moto umekilainisha, mikunjo imekichosha. Ajali ya pili itakapokuja, reli hiyo itajikunja mapema kuliko inavyopaswa, au haitajikunja pale inapopaswa, na pigo litapita hadi kwenye miguu ya dereva. Nguzo za milango ndizo mbaya zaidi kuchezea. Hutengenezwa kwa chuma kigumu sana ili paa lisishuke gari likibingirika, na fundi anayekata nguzo katikati na kuiunga kwa welding ya kawaida ameondoa ugumu wote uliokuwa unalinda vichwa vya abiria.

Sisi tunaendesha wapi? Ukitoka Nakuru kwenda Kisumu unapita Salgaa na Sachangwan, unapanda Mau Summit, unashuka Kericho kupitia mashamba ya chai, halafu Awasi na Ahero. Ni barabara ya malori mazito, miteremko mirefu, ukungu asubuhi na mvua mchana. Gari ambalo kiunzi chake kimeunganishwa kwa kubahatisha sitaki kumwona mtoto wa mtu amekaa ndani yake kwenye barabara hiyo. Mafundi wetu wanajua kazi. Wanachokosa mara nyingi ni benchi ya kuvutia bodi kwa vipimo vya kiwanda, na kiunzi kisichopimwa hakijanyooka, hata kama milango inafunga.

Salveji iliyoumia reli au nguzo iache, isipokuwa gereji ina benchi hiyo, na itakuonyesha vipimo vya kabla na baada. Iliyobingirika iache bila masharti.

Gari lililozama nalo usilinunue kwa bei yoyote. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilizamisha magari Nairobi, na huku kwetu watu wa Nyando na Ahero hawahitaji kuelezwa mafuriko. Gari lililozama huvutia kwa sababu bodi yake haina hata mkwaruzo. Uharibifu uko ndani ya soketi za waya, chini ya zulia, kwenye kompyuta ya gari. Maji machafu yakiingia kwenye soketi, pini huanza kuota kutu ya kijani polepole. Gari linawaka vizuri siku ya kununua. Baada ya miezi dirisha linakataa kupanda, halafu taa ya ABS ya breki inawaka, halafu gia zinaruka, na kila fundi wa waya anatibu dalili moja na kuchukua hela yake. Aliyejaribu kuliwasha likiwa bado ndani ya maji huenda pia amepindisha konrodi, fito inayoshika pistoni, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa. Kwa haibridi hali ni mbaya zaidi. Aqua na Axio haibridi zina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo maji hufika mapema.

Utalijua kwa kuinua zulia na kifuniko cha tairi la akiba na kutafuta matope makavu kwenye pembe, kwa kutazama bolti za viti zilizopata kutu, na kwa ukungu ndani ya taa za mbele. Harufu ya manukato makali ndani ya gari kuukuu nayo ni ya kuulizia.

Lililoungua sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba ni la spea.

Hesabu, shilingi kwa shilingi

Tuseme salveji yetu ni ya mgongano wa mbele, reli ziko sawa, lakini earbegi zimefyatuka. Umeipata kwa 500,000. Brekidauni kutoka Nairobi hadi Nakuru 25,000. Nozikati kamili 150,000. Earbegi mbili, mikanda miwili ya mbele iliyojifunga, na kompyuta ya earbegi 90,000. Bodi na rangi 110,000. Waya, gesi ya AC, oili na vidude vidogo vidogo 40,000. Tairi na alaimenti 20,000. Ukaguzi na kuhamisha umiliki 10,000. Jumla ni 945,000.

Kisha ongeza yale ambayo hukuyaona kwenye uwanja wa mnada. Salveji huuzwa kama ilivyo na mahali ilipo, bila warantii. Mara nyingi huwezi kuiwasha, na wakati mwingine hata ufunguo haupo. Giaboksi inaweza kuwa imepasuka, kishikilia injini kimevunjika, au kompresa ya AC imekufa. Mtu mwangalifu hutenga asilimia 15 ya gharama ya matengenezo kwa mambo hayo. Hapo tunafika 1,010,000 hivi. Umeokoa kama 390,000 ukilinganisha na ile ya yadi.

Laki tatu na tisini ni hela ya heshima, sibishi. Lakini angalia inakoenda. Baada ya miaka mitatu tuseme ile ya yadi inauzika 1,100,000. Ya kwako, ukimwambia mnunuzi ukweli au akiugundua mwenyewe, itauzika pengine 750,000. Pengo ni 350,000. Punguzo ulilofurahia wakati wa kununua umelipitisha kwa mnunuzi wa pili, na kilichobaki mfukoni mwako ni 40,000 kwa taabu ya kufukuzana na mafundi. Ukikaa nalo miaka kumi mambo hubadilika, kwa sababu gari la miaka ishirini ni gari la miaka ishirini, na historia yake haiondoi mengi tena kwenye bei. Ndiyo maana nilisema salveji ni ya mtu anayenuia kuzeeka nayo.

Na kuna muda. Spea za bodi hazipatikani zote Nakuru wala Kisumu. Nyingine husubiriwa kutoka Nairobi, hasa maduka ya Kirinyaga Road, au Mombasa zinakoshukia nozikati. Fundi wa bodi ana magari matano mbele yako. Ukinunua gari la teksi kwa hela ya mkopo, kila mwezi gari likiwa juu ya mawe unalipa mkopo bila kuingiza kitu, na miezi miwili mitatu ya namna hiyo hula sehemu nzuri ya ulichookoa.

Earbegi ndizo huvuruga hesabu za wengi. Mnunuzi huziona zimefyatuka, anamuuliza fundi, fundi anasema atazishughulikia kwa elfu kumi na tano. Kwa hela hiyo hakuna earbegi. Kuna kifuniko kilichopakwa rangi juu ya shimo tupu, na rezista ndogo iliyounganishwa kwenye waya ili kompyuta ya gari idhani earbegi ipo na taa ya dashibodi izime. Kama bajeti yako haitoshi earbegi na mikanda halisi, bajeti yako haitoshi salveji hiyo.

Lile lililokwisha kutengenezwa

Kati ya salveji na mtumba safi kuna gari la tatu, na ndilo watu wengi hununua bila kujua. Mtu amechukua salveji, ameitengeneza, amepiga rangi, na ameileta Nakuru au Kisumu kwa bei iliyo chini ya soko kwa laki moja hivi. "Mkubwa, hii gari ilikuwa ya mama mmoja mwalimu, ilikuwa inaenda shule na kanisani tu." Hapa unalipa bei iliyo karibu na ya gari safi na kupokea hatari zote za salveji, bila ile faida moja ya salveji, yaani kuona kilichovunjika.

Msimamo wangu kwa gari hili ni kukataa, isipokuwa muuzaji akubali mwenyewe kwamba lilifutwa, akupe picha za kabla ya matengenezo na ripoti ya asesa, na bei ishuke kulingana na hayo. Wapo wauzaji wa namna hiyo, wachache, na wanastahili kusikilizwa.

Kulitambua asipokwambia kunawezekana bila vifaa vingi. Nenda mchana, gari likiwa kavu. Tazama nafasi kati ya boneti na fenda upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Zilingane. Bolti za fenda na bawaba za boneti zikiwa na rangi iliyochunika kwenye pembe, zimefunguliwa. Sumaku ndogo ikishika mlangoni na kukataa kushika nyuma ya gurudumu, hapo pana puti ya kujazia mabonyeo chini ya rangi. Kila kioo cha gari kina maandishi madogo kwenye pembe. Kimoja kikiwa cha kampuni tofauti na vingine, uliza kilivunjikaje. Ndani ya boneti, welding ya kiwandani ni vidoto vya duara vilivyopangwa kwa nafasi sawa, na ya gereji ni mstari mchafu au uvimbe uliofunikwa kwa rangi nyeusi nzito.

Halafu vuta mkanda wa dereva mpaka mwisho. Kuna kibandiko chenye tarehe ya kutengenezwa. Ulinganishe na wa abiria na umri wa gari. Mwisho, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya earbegi lazima iwake, ikae sekunde chache, kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichezea. Ikiwaka na kuzima, bado mtafute fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kwa kuwa rezista haionekani kwa macho.

Mtumba safi nao una maswali yake

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani gari la yadi ni salama kwa kuwa limetoka Japani. Ajali zipo Japani pia. Kwenye minada ya kule kila gari hupewa karatasi yenye alama. 4 na 4.5 ni gari zuri, 3.5 limetumika zaidi, na R au RA maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Yadi ambayo haitaki kukuonyesha karatasi ya mnada wakati gari limeingia nchini juzi, ina sababu. Karatasi hiyo huonyesha pia kilomita, na namba hiyo ilinganishwe na ya dashibodi.

Bei ya mtumba imepanda kwa sababu zinazojulikana. Ushuru wa forodha ulitoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, juu yake kuna ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, kisha VAT ya asilimia 16, na sheria ya umri hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia. Shinikizo hilo ndilo linalowasukuma watu kwenye salveji, na ninalielewa. Lakini ipo njia ya kati isiyozungumzwa vya kutosha: gari lililokwisha kutumika hapa Kenya na mtu mmoja au wawili, ambalo historia yake inaweza kuulizwa kwa mwenye gereji anayelihudumia. Kwa ile 1,010,000 iliyokwenda kwenye salveji, unaweza kupata Fielder ya miaka kadhaa nyuma ambayo haijawahi kukatwa popote. Mimi ningechukua hiyo, na ningelala.

Bima, mkopo na mdomo wa sheria

Kwa mtumba safi, benki au sacco inaweza kukukopesha gari lenyewe likiwa dhamana. Kwa salveji, usitegemee. Hakuna mthamini atakayeandika thamani ya kukopeshea juu ya gari lisilotembea.

Thadi pati, bima ya madhara unayowasababishia wengine, utaipata kwa gari lolote lenye karatasi, na ni lazima kisheria. Bima kubwa, inayolipia na gari lako mwenyewe, ni habari nyingine. Kampuni itatuma gari kwa mthamini, na mthamini akiona kazi ya bodi ataandika thamani ya chini, na ndiyo utakayolipwa gari likiibwa. Fomu ikiuliza kama gari liliwahi kufutwa, jibu ukweli. Mkataba wa bima husimama juu ya kusema kila kitu, na jambo lililofichwa hufukuliwa siku ya kudai.

Ukinunua lililokwisha kutengenezwa au hata la yadi, mkataba wa mauzo uwe na sentensi hii: muuzaji anathibitisha kwamba gari hili halijawahi kufutwa na kampuni ya bima wala kuumia kiunzi. Anayekataa kuiandika amekujibu. Anayeiandika kwa uongo amekupa ushahidi, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 bila ya kukulazimu kuwa na wakili.

Karatasi za salveji zenyewe zinahitaji subira zaidi. Toa rekodi ya gari kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndani ya eCitizen kabla ya kulipa, uone jina lililoandikwa na kama kuna benki iliyoandikwa pamoja na mwenye gari. Benki hiyo ikiwa bado ipo, kampuni ya bima iiondoe kwanza. Kama ajali iliua mtu, uliza kituo cha polisi iwapo gari bado ni kielelezo cha kesi. Na usimalize matengenezo ya gari lenye jina la mtu mwingine. Uhamisho uanze siku unayolipa, kisha ukishatengeneza lipeleke kwenye kituo cha ukaguzi cha NTSA, Nakuru au Kisumu, kabla ya kulirudisha barabarani.

Kwa kazi gani

Gari la shamba la kubeba maziwa kutoka Molo au miwa ya mbegu kule Mumias, linalotembea mwendo mdogo na kubeba mtu mmoja, linaweza kuwa salveji ya mgongano mdogo, na litalipa. Probox ya abiria wa Kakamega au Busia isiwe, kwa kuwa hubeba watu wengi, mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa, na roho zao hazikushirikishwa katika punguzo lako. Teksi ya mkopo isiwe. Gari la kwanza la mtu asiye na fundi anayemfahamu lisiwe. Fundi mwenyewe wa bodi, au mtu ambaye ndugu yake ana gereji Kibuye na atafanya kazi kwa bei ya nyumbani, huyo hesabu yake ni tofauti kabisa na niliyoandika juu, na anaijua.

Yupo pia mnunuzi ambaye mara nyingi husahauliwa: mwenye gari mwenyewe. Bima ikifuta gari lako, unaweza kuomba kubaki na mabaki, nayo kampuni ikate thamani yake kwenye malipo yako. Hali yako ni bora kuliko ya mtu yeyote wa mnada. Unajua injini ilivyokuwa siku moja kabla ya ajali, unajua lilivyogongwa, na logbuku ina jina lako. Kampuni ikitaja thamani ya mabaki, uliza zabuni ya juu kabisa iliyopokelewa ni ngapi, kwa sababu hiyo ndiyo bei ya kujadiliana. Omba nakala ya ripoti ya asesa kabla ya kusaini hati ya kukubali malipo, ipeleke kwa fundi wako akapige hesabu mstari kwa mstari, na kama ripoti inataja reli au nguzo, chukua malipo yote na uwaachie gari.